Umejuaje? Njia nne za kulijibu swali hilo, na ipi ikufae

Mikorosho ya Newala huchomoza maua kipupwe, na ndio msimu ambao watu wazima hukosana kwa maneno. Nilimkuta mjomba barazani, mfuko wa salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, uko miguuni pake, haujafunguliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Vuta kiti. Umenikuta nimechanganywa na watu watatu."

Wa kwanza alikuwa bwana shamba. Alisema salfa ipulizwe sasa hivi, maua yakianza tu kutoka, kisha irudiwe. Wa pili ni jirani, mtu ambaye korosho hazijawahi kumtupa: subiri, marehemu mzee wetu hakugusa bomba mpaka maua yatande mti mzima. Wa tatu hakuwa mtu mmoja bali kikao cha chama cha msingi cha wakulima, ambako ilisemwa kwamba salfa ya msimu huu ni hafifu na kila mtu aongeze mizunguko miwili. Mjomba aliwauliza wote swali moja: umejuaje? Bwana shamba akajibu, "Tumejaribu." Jirani akajibu, "Tumerithi." Kikao kikajibu, "Wote tunajua hivyo."

Mjomba mwenyewe alikuwa na jibu la nne, na alilitoa akihesabu kwa vidole. Salfa haitibu, inakinga. Kinga hutangulia ugonjwa. Kwa hiyo anayengoja kuuona ubwiri unga, ugonjwa wa maua ya mikorosho, ndipo apulize, amechelewa. Hilo hakulijaribu, hakulirithi, wala hakukubaliana na mtu. Alifikiri tu.

Majibu hayo manne ndiyo yanayowagawa wanafalsafa tangu enzi za Wagiriki, na ndiyo yanayotugawa sisi kila siku bila kujua kwamba tunafanya falsafa. Makala hii ni kwa aliyekwama katikati: anayeambiwa na mmoja aamini vipimo, na mwingine aheshimu wazee, na wa tatu kwamba hakuna ukweli ila wa wenye nguvu. Nitayaweka majibu hayo kando kwa kando. Sitampa hata moja kombe.

Kwanza, tunalinganisha nini

Kiswahili kimejaaliwa maneno manne mahali ambapo lugha nyingine huhangaika na moja. Elimu ni ya kufundishwa. Maarifa ni ya kutambua. Ujuzi ni wa mkono uliozoea. Hekima ni ya kupima lini useme na lini unyamaze. Matatu kati ya hayo yalikuja na bahari, kutoka Kiarabu. Ujuzi peke yake umezaliwa bara, kutokana na kujua. Fundi majahazi asiyejua kusoma ana ujuzi ambao hakuna anayeubisha, ingawa hatumwiti msomi. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi najua", una haki ya kumuuliza: kwa lipi kati ya manne?

Mgiriki Plato aliacha maelezo ambayo bado yanafundishwa: kujua ni kuamini jambo ambalo ni kweli, tena ukiwa na sababu nzuri ya kuliamini. Yanaonekana yamekamilika. Ila mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier aliyatoboa kwa makala ya kurasa tatu hivi. Mfano wangu, si wake: unapita Shangani, unaona pikipiki ya rafiki yako nje ya kibanda cha chai, unasema, "Yupo ndani." Na kweli yupo. Lakini ile pikipiki ni ya mtu mwingine, yake iko kwa fundi tangu jana. Uliamini, ikawa kweli, sababu ulikuwa nayo. Ulijua, au ulibahatisha? Wataalamu bado wanabishana, tuwaache.

Vigezo vyangu ni vinne, na kila njia nitaiuliza hayo hayo. Maarifa yanaanzia wapi? Ukikosea, utagundua vipi? Njia ikishindwa, hushindwa kwa namna gani? Na nani anaruhusiwa kuingia, nani anabaki nje? Hilo la tatu nalipa uzito kuliko mengine, maana kila njia ina kosa lake la kuzaliwa nalo, na mtu akichagua njia anachagua pia kosa atakalolibeba.

Ufunuo nimeuacha nje makusudi. Muumini hauweki kwenye safu moja na salfa, na mimi sina mizani ya kuupimia.

Njia ya kwanza: jicho na jaribio

Chanzo. Hakuna kilichomo kichwani ambacho hakikupitia machoni, masikioni, ulimini, puani au mikononi. John Locke, Mwingereza, aliitetea hoja hii mwaka 1690, akiifananisha akili ya mtoto mchanga na karatasi isiyoandikwa kitu. Hapa kwetu nyumba ya njia hii ni Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kituo cha utafiti ambacho jina lake halitengani na korosho. Mtafiti hakuambii "nadhani". Anatenga mikorosho inayofanana, mingine anaipulizia, mingine anaiacha, anahesabu maua yaliyoshika na yaliyokauka, na mwaka unaofuata anarudia.

Kipimo. Rudia. Ukipata tofauti, ulikosea. Uzuri wake ni kwamba mpinzani wako naye anaweza kurudia, hata kama hakupendi.

Kosa. Hapa lazima nimtaje David Hume, Mskoti wa karne ya 18, maana aliigeuka njia hii akiwa ndani yake. Alisema hatuna hoja ya kutuhakikishia kwamba kesho itafanana na jana. Jua limechomoza kila asubuhi, kwa hiyo litachomoza kesho: hiyo si hoja, ni mazoea. Kwa mkulima maneno haya si mchezo wa vitabuni. Jaribio limefanywa kwenye udongo wa Naliendele, karibu na pwani. Shamba la mjomba liko juu kwenye uwanda wa Wamakonde, na kipupwe cha mwaka huu si cha mwaka ule.

Kosa la pili ni kwamba jicho huona kilichowekwa mbele yake. Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeporomoka hadi karibu tani 16,500. Kwa nini? Aliyezoea kutazama majani ataona ubwiri unga, ule unga mweupe unaokausha maua kabla hayajafunguka. Aliyezoea kutazama bei ataona kwamba mkulima alilipwa kidogo mno hata palizi haikulipa. Mzee aliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji atakuambia mikorosho yake ilibaki kilometa nyingi porini, naye kapangiwa kiwanja kando ya barabara. Wote watatu wana ushahidi wa macho. Jicho halikuwadanganya, liliwaonyesha walikoelekea.

Mlango. Kwa maneno, uko wazi kwa kila mwenye macho. Kwa vitendo, jaribio linataka muda, pesa na mashamba ya kuchezea, na mwenye ekari mbili hachezi nazo.

Njia hii inamfaa mtu ambaye swali lake linarudiwarudiwa na makosa yake hayaui: mkulima, mpishi, fundi, mwalimu anayetafuta namna bora ya kufundisha kuzidisha. Haimfai anayepaswa kuamua mara moja tu maishani.

Njia ya pili: akili na hoja

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alieleza jinsi alivyopoteza imani na macho yake. Unakitazama kivuli, unaapa kimesimama. Rudi baada ya saa moja, kimesogea. Unaitazama nyota, ni ndogo kama dinari, kumbe hesabu za jiometri zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Jicho limetoa hukumu, akili imeitengua. (Kisha akajiuliza nini kitaitengua hukumu ya akili yenyewe, akakosa usingizi kwa hilo. Watu wakubwa wana shida zao.)

Chanzo, basi, ni akili yenyewe. Mfaransa René Descartes, mwaka 1641, aliamua kutilia shaka kila kitu kinachoweza kutiliwa shaka, ili aone kitabaki nini. Kikabaki kwamba yeye anayetia shaka yupo. Kuanzia hapo akataka kujenga upya, tofali juu ya tofali, kama hesabu. Kipimo chake ni mgongano: ukijikuta umesema mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja, moja ni la uongo hata kama hujui lipi. Hoja ya mjomba juu ya salfa ni mtoto halali wa ukoo huu, ingawa hajawahi kumsikia huyo Descartes.

Kosa la njia hii tunaishi juu yake. Bandari ya Mtwara, ile ya kina kirefu, haikujengwa kwa ajili ya korosho. Ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota. Mwaka 1946 wataalamu kutoka Uingereza walizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, wakarudi na mpango. Kwenye karatasi kila mstari ulifuata mstari ulio juu yake. Uingereza ina njaa ya mafuta ya kula, karanga hutoa mafuta, Tanganyika ina ardhi tupu, trekta hulima haraka kuliko jembe. Basi leta matrekta. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa, na kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari na reli. Mpango ulianza 1947, ukafutwa Januari 1951, baada ya kumeza pauni takriban milioni 36. Mizizi ilivunja majembe ya matrekta, udongo wa Kongwa ukakauka kama saruji, mvua haikusoma ratiba. Reli nayo ilikuja kung'olewa miaka ya 60.

Hoja ilikuwa safi. Msingi ndio uliokuwa mbovu: "ardhi tupu" haikuwa imeachwa tupu na wajinga. Akili ikianzia pabaya hufika pabaya kwa mwendo wa kujiamini, na ndio maana kosa hili huwa ghali. Lakini nisiionee. Mtu wa njia ya kwanza naye hawezi kujisifu hapa, maana wiki tisa za kutazama kutoka angani na barabarani walizipata.

Mlango: akili haina ada ya kuingilia. Mtumwa, binti wa darasa la nne, bibi asiye na meno, wote wanaweza kumkamata profesa akijipinga mwenyewe. Sijui njia nyingine yenye usawa kama huu.

Inamfaa nani? Mwenye kesi ya kutetea, anayepitia mkataba kabla ya kutia sahihi, anayetaka kujua kama ahadi alizopewa zinaweza kutimia zote kwa pamoja. Inamfaa pia mtu aliyezungukwa na habari nyingi kuliko anavyoweza kuzikagua.

Njia ya tatu: mapokeo

Hapa nitakawia, kwa kuwa njia hii inatukanwa sana na inatumika kuliko zote.

Hebu hesabu unayoyajua. Tarehe yako ya kuzaliwa: uliambiwa. Kwamba huyo ni baba yako: uliambiwa. Kwamba dunia inalizunguka jua, kwamba malaria huletwa na mbu, kwamba kuna mji unaoitwa London: uliambiwa. Mtu anayesema "mimi naamini sayansi tu" kwa kawaida anamaanisha kwamba anamwamini mwalimu, redio na daktari. Chanzo cha njia ya tatu ni kauli ya mwingine, na wanaoitetea wanasema hakuna aibu hapo. Thomas Reid, Mskoti aliyeishi zama moja na Hume, alisema tumeumbwa na mwelekeo wa kuamini tunaloambiwa, na mtoto asiyekuwa nao asingejifunza hata kusema. Hume alikataa: mwamini msemaji kwa kadiri tu ambayo uzoefu umekuonyesha kwamba wasemaji wa aina yake husema kweli. Ugomvi wa hao wawili utaukuta kwenye kijiwe chochote cha kahawa Mikindani.

Kipimo ndicho watu hudhani hakipo. Kipo, na pwani yetu imekijua kwa muda mrefu. Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliunda elimu nzima ya kuchunguza mnyororo wa wapokezi: nani alimsikia nani, walikutana kweli, waliishi zama moja, kumbukumbu yake ilikuwaje, aliwahi kusema uongo sokoni? Mnyororo ukikatika pete moja, habari inashushwa daraja, hata kama maneno yake ni matamu. Hiyo si "kuamini tu". Ni ukaguzi mkali, ila unakagua watu badala ya vitu.

Mapokeo yetu mengine yana kufuli. Yanayofundishwa jandoni na unyagoni hayaulizwi hadharani, na kungwi hawezi kuyaandika gazetini akabaki kungwi. Mgeni huona hapo usiri wa bure. Mwenyeji huona kwamba baadhi ya maarifa hayaivi mpaka mpokeaji aive. Nadhani wote wawili wana lao la kweli, na mimi mwanamume sina zaidi ya kusema kuhusu unyago.

Sasa tazama Kilwa Kisiwani. Mapokeo yaliyoandikwa yanasimulia kwamba alikuja mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Ali bin al-Hassan, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizungusha chote. Kwa miongo mingi wasomi waliliguna simulizi hilo. Neville Chittick alipochimba pale miaka ya 60 alikuta kwamba watu walikuwa wanakaa kisiwani muda mrefu kabla ya huyo Ali, na waliomfuata wakazidi kuonyesha kwamba miji ya Waswahili ni kazi ya Waafrika wenyewe. Hadithi ya Shirazi ikaonekana kuwa majigambo ya ukoo. Kisha mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani kwenye pwani hii, Kilwa ikiwemo. Mama zao walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa, na kwa upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Wachimbaji walikuwa sahihi kwamba mji haukuletwa na jahazi. Mababu nao hawakuwa wanaota walipoitaja Shirazi. Nguo za kuzungusha kisiwa ni jambo lingine.

Kosa la mapokeo ni kwamba linasafiri bila kuchoka. Uongo uliopokewa vizuri hupokelewa tena vizuri. Mwanafalsafa wa Kenya, Henry Odera Oruka, aliwafuata wazee wenye hekima vijijini akawahoji, akagundua wako wa aina mbili. Wapo wanaojua desturi yote kwa moyo na kuikariri. Wapo pia wanaoijua vivyo hivyo lakini wanaihoji, na ukiwauliza kwa nini, wanakupa sababu zao wenyewe. Wote wana mvi. Ukimwendea mzee kwa ushauri, jambo la kwanza la kupeleleza ni yuko upande gani.

Kuna kosa jingine dogo linalouma zaidi. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia kimbunga Kenneth. Mtwara watu waliambiwa waende sehemu za usalama, shule na maduka yakafungwa, mimi mwenyewe nilibeba godoro kichwani. Tarehe 25 kimbunga kikapiga Cabo Delgado, kusini ya Ruvuma, na huko kilifanya maafa. Kwetu ikawa upepo na manyunyu. Kesho yake mtaani ilikuwa kicheko: "Walitutisha bure." Lakini aliyetangaza hakusema kitapita mlangoni kwako, alisema hatari ipo. Tulipokea habari ya uwezekano tukaisikia kama ahadi. Wazee wachache ambao walikuwa watoto Lindi mwezi kama huo mwaka 1952, kimbunga kilipoupiga mji, hawakucheka.

Mlango wa mapokeo ni mwembamba kwa kijana na mpana kwa mwenye ukoo. Njia hii inamfaa asiye na muda wa kujaribu wala data za kufikiria: mgeni mjini, mjane anayefuatilia mpaka wa shamba la marehemu, baharia anayeingia mkondo asioujua.

Njia ya nne: jamii

Wanaofuata njia hii hawaulizi sana kama jambo ni kweli. Wanauliza limekuwaje likaitwa kweli, na nani alikuwepo chumbani. Peter Berger na Thomas Luckmann, mwaka 1966, waliandika kwamba mengi tunayoyaona kuwa ni hali halisi yamejengwa na watu kwa kurudia, kuzoea na kufundishana, hata wajukuu wakayakuta kama mawe ya asili. Pesa ni hivyo. Cheo ni hivyo. Daraja la korosho, la kwanza na la pili, ni hivyo kwa kiasi fulani: punje ni punje, ila mstari wa kuzigawa ulichorwa na watu mezani.

Mfano ambao haunitoki uko Tendaguru, mkoani Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa ya dinosaria ikichungulia ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa. Mamia ya vibarua walichimba, na wapagazi wakabeba vichwani mpaka bandari ya Lindi zaidi ya tani 200 za mifupa. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin hadi leo, urefu wake unapita meta 13. Jina lake la kisayansi lilimkumbuka Branca, mkubwa wa makumbusho. Aliyewasimamia wachimbaji, aliyejua kuutoa mfupa bila kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Ujuzi wake ulikuwemo ndani ya kila sanduku. Jina lake likaingia kwenye orodha ya wanyama hao mwaka 2007, kupitia Australodocus bohetii, na mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, anayewakumbuka Wamwera na Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine wa uchimbaji. Mifupa haikubadilika katika miaka hiyo mia. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa kuwa mjuzi.

Mwingereza Miranda Fricker aliipa hali hii jina mwaka 2007: dhuluma katika kujua. Mtu anasema kweli, haaminiki, si kwa sababu ya alichosema bali kwa sababu ya alivyo. Mwanamke anayetaja kasoro ya mizani gulioni anaelewa bila kufafanuliwa.

Kipimo: uliza nani hakuulizwa, na nani anakula kwa jambo hili kuitwa kweli.

Kosa lake ni kusahau kwamba dunia nayo ina kura. Julai 1905, Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa pamba ya Wajerumani, na vita vya Majimaji vikaenea kusini yote. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ametoa maji ya kuzigeuza risasi ziwe maji. Imani ile iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja, na hapo nguvu ya jamii ilikuwa ya kweli kabisa. Watu walikubaliana. Risasi hazikuwepo kwenye makubaliano.

Njia hii inamfaa mwandishi wa habari, kiongozi wa kikundi, mwanafunzi anayesoma historia iliyoandikwa na waliomtawala babu yake. Haimfai mgonjwa aliye kitandani.

Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Mtoto ana homa usiku. Anza na kipimo, kile cha tone la damu kituo cha afya, hata kama bibi anajua majani na hata kama wewe umeshafikia uamuzi wako. Kosa la hapa halirudishwi. Bibi muulize ni lini homa ilianza, maana yeye ndiye aliyekuwa naye.

Mpaka wa shamba una mgogoro. Anza na mapokeo, lakini kagua mnyororo: nani alikuwepo mwembe ulipopandwa, na nani amesikia tu. Mpimaji mwite baadaye. Chombo chake kinapima mstari kwa usahihi, hakijui mstari ulikubaliwa wapi.

Umeletewa mradi wenye faida ya haraka. Tumia akili tupu kabla ya kumsikiliza shahidi yeyote. Ziandike ahadi zote, uone kama zinaweza kukaa nyumba moja. Karanga za Nachingwea zingeokolewa na mtu mmoja wa kuuliza kwa nini ardhi ile ni tupu.

Unaandika tasnifu na msimamizi anataka uchague "mtazamo wa kinadharia". Usichague kwa jina linalopendeza. Tazama swali lako. Kama unauliza ni kiasi gani, uko njia ya kwanza. Kama unauliza kwa nini jambo hilo linaitwa hivyo na nani alisema, uko ya nne, na ukihesabu hojaji mia tatu hutalijibu.

Tangazo la hatari limetolewa na huna namna ya kulikagua. Pokea, beba godoro. Ukicheka kesho yake, cheka ukiwa mzima.

Ujumbe umesambazwa kwenye simu, "tuma kwa watu kumi". Mkague aliyekutumia, kisha aliyemtumia, mpaka ufike mwisho. Mara nyingi mwisho wenyewe haupo.

Mjomba alifanya mambo mawili. Aliipulizia nusu ya mikorosho alfajiri ya kesho yake, wakati wa umande na upepo umetulia, nusu nyingine akaiacha isubiri kama jirani alivyosema, akaandika tarehe kwenye daftari la mwanawe wa darasa la sita. Kisha akapanda baiskeli kwenda kutafuta habari ya salfa hafifu ilikoanzia. Wa kwanza alimwelekeza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu. Kufika jioni alikuwa amewapitia watu saba waliokuwa kwenye kile kikao, na wote waliishia kwa mkulima mmoja. Mjomba akaomba aonyeshwe mifuko. Ilikuwa imepangwa nje chini ya mwembe, ilinyeshewa wiki iliyopita, na unga wake ulikuwa umeganda kama mihogo mikavu.